Bosi anakula ukoka kila alfajiri, kisha anatapika

Shikamoo Daktari,

Naishi Kihonda, hapa Morogoro, na mume wangu, binti yetu wa miaka minne, na mama mkwe aliyekuja kututembelea tangu mwezi uliopita. Tuna mbwa dume anaitwa Bosi, ana kama miaka miwili na nusu. Mama yake alikuwa wa kienyeji, baba yake Jemani shepadi, kwa hiyo ni mkubwa, ana kifua kipana, na usiku hapiti mtu.

Kila alfajiri nikifungua mlango wa jikoni namkuta pembeni mwa uzio anakula majani. Haonji, anakula kama mbuzi. Anaacha yaliyokauka, anachagua ukoka mbichi wenye umande. Baada ya dakika chache tumbo linaanza kumcheza, anainamisha kichwa, anatapika povu la njano lenye majani ndani. Akimaliza anajilamba, anatikisa mkia na kuja kuniomba chakula kana kwamba hakuna kilichotokea. Wiki nyingine anatapika mara mbili, wiki nyingine mara nne. Siku nyingine anakula majani na hatapiki kabisa.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mume wangu anasema mbwa anajitibu, anasafisha tumbo, nimwache. Mama anasema kwao mbwa akila majani watu wanajua mvua iko njiani. (Tangu aseme hivyo jua linawaka tu.) Jirani ndiye aliyenitia hofu. Alisema huyo amelishwa sumu na vibaka, akamshika taya na kummiminia mafuta ya kula nusu kikombe. Bosi alikohoa mpaka nikadhani anakufa. Jioni akaharisha.

Kilichonifanya niandike ni hiki: wiki iliyopita kijana anayemsafishia mwenye nyumba alipita na bomba mgongoni akapulizia dawa ya magugu kandokando ya uzio. Binti yangu naye anacheza hapo hapo, anachuma majani, anapika kitotoleo. Sasa mume wangu anasema kama mbwa anaumwa, amrudishe alikomtoa kabla hajamwambukiza mtoto. Mimi sitaki.

Chakula chake ni ugali wa dona na dagaa, au utumbo, mara moja kwa siku, saa nane mchana nikirudi kutoka gengeni. Usiku hatumpi, tuliambiwa mbwa akishiba halindi. Mchana anafungiwa bandani, tunamfungulia saa nne usiku. Alichomwa sindano ya kichaa alipokuwa mdogo na dawa ya minyoo alipewa siku hiyo hiyo. Je, majani yanamdhuru? Nimzuie?

Mama Neema, Kihonda

*

Marahaba, Mama Neema.

Majibu umeyaandika mwenyewe, ila umeyatupia mwishoni kama nyongeza: saa nane mchana, dawa ya minyoo ya utotoni, na bomba la mgongoni. Katika barua yako yote, ukoka ndio wenye hatia ndogo kuliko vyote.

Naanza na bomba kwa sababu lenyewe halisubiri. Leo hii mtafute yule kijana, umwombe akuonyeshe chupa aliyochanganyia dawa. Si jina la biashara unalolitaka, ni maandishi madogo yanayotaja kiambata chake, yaani kemikali yenyewe inayofanya kazi, na muda ambao watu na wanyama wanatakiwa wakae mbali na eneo lililopuliziwa. Kama kiambata ni glaifosati, mbwa aliyelamba majani ambayo dawa imekwisha kuyakaukia mara nyingi huishia kutokwa mate, kutapika au kuharisha kidogo. Kama ni parakwati, hiyo ni habari nyingine kabisa. Inaharibu mapafu na haina dawa ya kuiua nguvu, iwe kwa mbwa au kwa mtoto. Na kuna mtego mmoja ambao watu hawaufikirii: majani yaliyopuliziwa glaifosati hubaki ya kijani kwa siku kadhaa kabla hayajaanza kugeuka manjano. Mbwa anayechagua mabichi, na mtoto anayechuma ya kupikia, wote wanayaona mazuri.

Kwa hiyo zungushia kamba au fito sehemu yote iliyopuliziwa, Bosi na binti wasifike hapo mpaka majani yamekufa na yamefyekwa na kuondolewa. Na zungumza na mwenye nyumba, kwa upole, siku ya kupulizia uwe unaambiwa mapema. Kijana akiona taabu, kufyeka kwa panga kando ya uzio ni kazi ya asubuhi moja. Kinachonipa moyo ni kwamba hukutaja mate yanayochuruzika, wala kutetemeka, wala kuyumba. Wiki nzima imepita na Bosi bado anaomba chakula.

La pili, mafuta. Jirani yako alikuwa na nia njema, lakini mfungie mlango akija tena na kikombe. Mbwa anayeshikwa taya na kumiminiwa mafuta huyavuta mapafuni kwa urahisi mno, na kule kukohoa ulikokuona ndiko kunakonitia wasiwasi kuliko povu la njano. Ukimsikia bado anakohoa, au anahema haraka akiwa amelala, au amepoa na hataki kula, hiyo ni sababu ya kumpeleka hospitali bila kungoja kitu kingine. Maziwa nayo hayaui sumu. Mbwa mkubwa akinywa maziwa mengi mara nyingi huharisha tu, nawe ukadhani sumu inatoka. Mkaa wa jikoni uliosagwa kwenye maji sio ule mkaa tunaotumia hospitalini, na chumvi ya kumtapisha mbwa ni hatari yenyewe. Mbwa akilishwa sumu kweli, dawa ya kwanza ni nauli ya bajaji.

Sasa majani.

Kula majani ni tabia ya kawaida kwa mbwa mzima, mwenye afya, anayelishwa vizuri. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha majibu ya wafugaji zaidi ya 1,500 ambao mbwa wao hula majani. Asilimia 68 walisema mbwa wao hula kila siku au kila wiki. Ni asilimia 8 tu walioona mara kwa mara dalili za ugonjwa kabla mbwa hajala, na asilimia 22 walisema mbwa wao hutapika mara kwa mara baada ya kula. Wale wenye umri mdogo, kama Bosi, walikula mara nyingi kuliko wazee. Ukizitazama hesabu hizo, ile imani kwamba mbwa anakula majani kwa sababu tumbo linamuuma na anataka kutapika haisimami kwa mbwa walio wengi. Wengi wanakula, wanaendelea na shughuli zao, na majani yanatoka upande wa pili yakiwa karibu kama yalivyoingia, kwa sababu mbwa hana tumbo la kucheua kama la ng'ombe.

Nimeshasikia pia wakisema mbwa anatafuta nyuzinyuzi. Kwa mbwa wa mjini anayelishwa wali mweupe na mabaki ya chipsi, labda. Bosi wako anakula dona, huyo hadai.

Mumeo, kwa upande wake, ameshika nusu ya ukweli, na nusu hiyo imepatikana hapa hapa kwetu. Kule Gombe na Mahale, mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, watafiti Richard Wrangham na Toshisada Nishida waliandika mwaka 1983 kuhusu sokwe wanaomeza majani fulani yenye vinyweleo vikali bila kuyatafuna. Wanayakunja ulimini, wanameza, mara nyingi asubuhi mapema kabla ya kula kitu kingine, na majani yanatoka mazima. Baadaye mtafiti Michael Huffman na wenzake wa Mahale wakaonyesha kwamba kwenye kinyesi chenye majani hayo hutoka pia minyoo iliyo hai, imefagiliwa na ule ukwaruzo. Watafiti wa California wakafikiri kwamba huenda mbwa ana urithi wa namna hiyo kutoka kwa babu zake, yaani mbwa mwitu wa nchi za baridi (sio hawa wetu wenye madoa wa Hifadhi ya Nyerere, ambao ni ukoo mwingine). Kuwa na urithi wa kufagia tumbo, hata hivyo, si sawa na kupona. Sokwe wa Mahale hana duka la dawa za mifugo mtaani kwake. Bosi analo.

Na mama mkwe umwambie, kwa heshima zake zote, dalili ya mvua ni mawingu.

Turudi kwenye povu la njano, kwa maana hapo ndipo Bosi anapotofautiana na mbwa anayekula majani tu kwa kupenda. Rangi hiyo ni nyongo. Nyongo hutiririka kwenye utumbo mdogo kusaidia kusaga mafuta, na tumbo likikaa tupu muda mrefu hupanda na kuingia tumboni, ikalichoma. Hesabu mwenyewe: Bosi anakula saa nane mchana, na wewe unafungua mlango wa jikoni saa kumi na mbili asubuhi. Ni saa kumi na sita bila kitu tumboni, na kati ya hizo, saa nane za mwisho amekuwa akizunguka uzio na kubwekea wapita njia. Kichefuchefu kinamjia alfajiri, anatafuta kitu cha kumeza, na kilicho karibu ni ukoka wenye umande. Majani yanamtekenya, anatapika, anapata nafuu, ana njaa. Ndiyo maana akimaliza anakufuata na mkia juu. Mbwa aliyelishwa sumu haji kuomba ugali.

Ile habari ya kwamba mbwa akishiba halindi nimeisikia katika kila wilaya niliyofanya kazi, na kila mara huwa inasemwa na mtu aliyekwisha kula chakula cha usiku. Mbwa halindi kwa njaa. Analinda kwa sababu pale ni kwake na nyie ni watu wake. Tena mwenye njaa ndiye mwepesi wa kupokea kipande cha nyama kutoka kwa kibaka upande wa pili wa uzio, na hapo ndipo ile sumu ya jirani yako inapopata njia.

Usimwongezee chakula, ugawe. Kile kile cha siku moja kigawe mafungu mawili: kimoja asubuhi, kingine saa mbili usiku. Saa mbili, si saa nne, kwa sababu nataka apate muda wa kutulia bandani kabla hujamfungulia akaanza kukimbia. Mbwa mkubwa mwenye damu ya shepadi kama yeye haifai akimbie tumbo likiwa limejaa, na sababu yake nitaieleza hapo chini. Kama alfajiri bado anatapika, mwachie kipande kidogo cha ugali mumeo anapofunga mlango kwenda kulala. Dagaa waoshe, watoe mchanga. Mchuzi wenye vitunguu usimmwagie, vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Fanya hivyo siku kumi na nne, na kila alfajiri weka alama kwenye kalenda ya ukutani: ametapika, hakutapika. Natarajia alama za kutapika zipungue sana. Kula majani huenda kukaendelea kidogo, usimpigie kelele kwa hilo.

Halafu, mama, mchana kutwa bandani ni mrefu. Mbwa kijana asiye na la kufanya hutafuna chochote akifunguliwa. Mtoe dakika ishirini jioni, na kamba shingoni, mzunguke mtaa. Mumeo anaweza kuifanya kazi hiyo, itawapatanisha.

Minyoo sasa, maana hapa ndipo hofu ya mumeo kuhusu mtoto inapopata mashiko, ingawa ukoka hauhusiki. Dawa moja ya utotoni haimlindi mbwa wa miaka miwili na nusu. Kwa mbwa anayetembea nje na kula utumbo, mimi hutoa kila miezi mitatu. Mpime uzito kwanza. Njia rahisi ni mumeo ambebe kwenye mizani, kisha apande peke yake, mtoe tofauti. Dukani omba dawa ya mbwa yenye prazikwanteli pamoja na pairanteli au fenbendazoli, ili ipate tegu na minyoo ya mviringo kwa pamoja. Usikubali upimiwe kwenye bomba la sindano dawa ya ng'ombe ya ivamektini. Kipimo cha ng'ombe kimeshaua mbwa, na wenye damu ya shepadi huweza kuwa wepesi zaidi kudhurika. Huo utumbo uchemshe mpaka uive kabisa kabla ya kumpa.

Kwa binti, kinachohusika ni kinyesi cha mbwa. Mayai ya minyoo ya mviringo yakitoka hayawezi kumwambukiza mtu siku hiyo. Yanahitaji kama wiki mbili au zaidi kwenye udongo ndipo yawe tayari. Ukiokota kinyesi kila asubuhi na kukifukia mbali au kukitupa chooni, umekata njia. Minyoo ya safura ya mbwa yenyewe hupenya kwenye ngozi ya mguu mtupu na kuchora mistari inayowasha, kwa hiyo avae ndala akicheza uani, na anawe kwa sabuni akimaliza kupika kitotoleo chake. Kwa hayo Bosi hana haja ya kurudishwa popote.

Na kwa kuwa utakwenda kwa daktari, arudiwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Ile ya utotoni imeshapitwa na muda, na kwa nyumba yenye mtoto hilo linanisumbua kuliko majani yote ya Kihonda.

Kuna hali ambazo kalenda ya ukutani haihusiki, unaondoka hapo hapo. Ya kwanza ndiyo niliyoahidi kuieleza: tumbo linavimba kama ngoma, anajikaza kutapika na hakitoki kitu, hatulii. Hapo tumbo limejaa hewa na huenda limejisokota. Hutokea zaidi kwa mbwa wakubwa wenye kifua chenye kina kirefu, shepadi akiwemo, na unapigana na saa, si siku. Nyingine ni kutapika damu au kitu kama chicha za kahawa, kuharisha damu, kutapika maji kila anapoyanywa, mate mengi, kutetemeka na mboni za macho kuwa ndogo kama tundu la sindano, ambayo ni picha ya dawa nyingi za wadudu. Sumu ya panya ni mjanja zaidi: mbwa huonekana mzima siku mbili tatu, kisha anaanza kutokwa damu puani, kwenye fizi au kwenye mkojo. Ukijua ameila, usingoje dalili, na nenda na pakiti yake.

Kuna pia jambo la polepole. Kama siku moja utaona anachorudisha ni chakula kizima kisichosagwa, kinatoka tu bila tumbo kumcheza, anapata shida kumeza na anakonda, mwambie daktari aangalie mnyoo unaoitwa Spirocerca. Upo katika ukanda wetu huu, unakaa kwenye ukuta wa koo la chakula, na mbwa huupata kwa kula mbawakawa wale wanaobingirisha mavi ya ng'ombe, au kwa kula mjusi au kuku aliyemla mbawakawa huyo. Dawa za kawaida za minyoo haziutoshi.

Tazama pia uzio wako ni wa mti gani, hukuniambia. Ukoka haudhuru, lakini mbwa mwenye kichefuchefu hachagui kwa makini. Mbegu za mbarika, ambao wengine wanauita mbono, zikitafunwa zinaua. Mbono kaburi unatapisha na kuharisha vibaya. Utomvu wa mnyaa unachoma mdomo na macho. Kuna kichaka cha bustani chenye maua ya manjano ya umbo la kengele na matunda ya kijani yenye pembe. Sumu ya huo hushika moyo. Na kuna ua linalopendwa sana majumbani, linafunguka zambarau, siku ya pili linafifia, siku ya tatu linakuwa jeupe, kichaka kimoja kina rangi zote tatu. Linanukia vizuri sana, na mbwa akila matunda yake anapata degedege. Ukilikuta kwako, ling'oe.

Ukitaka ukoka wa kumwachia ale kwa amani, panda kiraka kimoja karibu na banda, mwagilia maji, kisiguswe na bomba la mtu yeyote. Mimi nyumbani ninacho, na mbwa wangu mzee anakwenda hapo kila asubuhi kama anayekwenda kununua gazeti.

Una bahati unakaa Morogoro. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kina hospitali ya wanyama, na Kihonda si mbali. Mpeleke wiki hii wamsikilize mapafu kwa sababu ya yale mafuta, na beba kinyesi kibichi kidogo kwenye kichupa safi wakipime. Kabla ya kutupa kinyesi cha siku ya kwanza baada ya dawa ya minyoo, kitazame. Ukiona nyuzi nyeupe kama tambi, au vipande bapa vinavyofanana na mbegu za tango, vipige picha ya simu, kisha mwonyeshe daktari atakayekupa tarehe ya kurudia. Na kalenda ya ukutani nitumie baada ya hizo siku kumi na nne.